Bawaba: Sahihi Chini ya Karatasi Tupu

Wiki iliyopita tulimwacha Bawaba mbele ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, kidole chake kikiwa juu ya orodha ya wachezaji waliosajiliwa, na kidole hicho kimefika mwisho wa karatasi bila kukutana na jina lake.

Msomaji, usidhani aliishia hapo. Alirudi juu akaanza upya. Alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, jina kwa jina, kuanzia kipa mpaka mshambuliaji wa akiba. Majina yalikuwa ishirini na tisa. Mbele ya jezi namba nne, namba aliyoivaa miaka kumi na sita, palikuwa na jina la beki mmoja mgeni ambaye hata njia ya kwenda chooni pale uwanjani alikuwa hajaijua.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Usajili ulikuwa unafungwa siku hiyohiyo, saa kumi jioni. Asiyekuwa na jina saa hiyo angesubiri msimu mwingine, na kwa beki wa miaka thelathini na mitatu, msimu mwingine ni ahera.

Kwa mliojiunga nasi leo: Bawaba alizaliwa nyumba ya nne nyuma ya uwanja huohuo. Mpira ukiruka ukuta ulikuwa unaangukia kwenye ua wa mama yake, na mama huyo hakuurudisha mpaka aombwe vizuri. Alijiunga na timu ya vijana akiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo hajavaa jezi ya klabu nyingine. Timu iliposhuka daraja, wenzake wanane waliondoka ndani ya wiki moja. Yeye alibaki, akacheza kwenye viwanja ambavyo lazima kwanza uwafukuze mbuzi. Klabu tajiri ya mji mkuu ilipomtumia gari lije limchukue, alijificha kwa shangazi yake siku mbili, gari likarudi na dereva peke yake. Mashabiki wakampa jina la Bawaba kwa sababu, walisema, mlango wote wa nyuma unaning'inia kwake.

Na miezi miwili kabla ya asubuhi hii, yeye ndiye aliyeinua kombe la kwanza katika historia ya klabu.

Mtunza jezi alikuwa ndani, kwenye meza yake ya pasi. Mzee huyu ndiye aliyembandikia Bawaba namba ya kwanza mgongoni. Bawaba alimwamkia, mzee akaitikia bila kuinua uso. Chini ya pasi palikuwa na namba nne, nyeupe, inanuka gundi ya moto.

"Ya nani hiyo?"

"Nahodha, mimi nabandika ninachoambiwa nibandike."

"Nimekuuliza ya nani."

"Si yako." Mzee aliondoa pasi, akakipuliza kitambaa kama anayepuliza chai. "Nenda kwa katibu, mwanangu. Nenda sasa hivi, kabla sijawalowanishia watu jezi zao kwa machozi."

Bawaba akapanda ngazi tatu kwa mpigo.

Ofisi ya katibu ilikuwa chini ya jukwaa kuu, na dari yake iliinama kufuata viti vya mashabiki, hivi kwamba mtu mrefu alilazimika kuingia kwa adabu apende asipende. Katibu alikuwa mezani. Huyu hakuwa mtu wa kupita njia. Walikua mtaa mmoja, wakala sahani moja, wakacheza timu moja ya vijana mpaka katibu alipogundua kwamba miguu yake inaijua kazi lakini mapafu yake hayaitaki. Siku ya ndoa ya Bawaba, yeye ndiye aliyesimama upande wake wa kulia, akashika pete mkononi kwa nguvu mpaka ikamwachia alama.

"Ndugu yangu," katibu alisema, "nilikuwa nataka kukupigia."

"Nimekuja kabla. Jina langu liko wapi?"

Katibu alifungua faili, akatoa karatasi moja, akaisukuma kwa kidole mpaka ikafika upande wa pili wa meza. 

Ilikuwa barua fupi, imepigwa chapa. Ilisema kwamba yeye, nahodha wa klabu, kwa hiari yake mwenyewe na bila kushurutishwa na mtu, anaomba kustaafu soka kwa sababu za afya, kwani goti lake la kushoto limechakaa upande wa ndani na haliwezi tena kubeba msimu mzima.

Chini kulikuwa na sahihi yake. Si ya kughushi. Yake kabisa, ile yenye mkia mrefu uliopinda kama ndoana.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kujifukuza kazi mwenyewe bila kujua.

Kila mwanzo wa msimu wachezaji wenzake walisaini mikataba yao ofisini, wengine na mawakili, wengine na wajomba waliojifanya mawakili, wakisoma kila mstari. Bawaba hakuwahi. Yeye alimkuta katibu kwenye maegesho, akaegemea boneti ya gari, akasaini karatasi tatu tupu zisizo na hata nukta. Ya kwanza ilikuwa ya mkataba, ya pili ya fomu ya ligi, ya tatu ya akiba, iwapo litatokea jambo la haraka yeye akiwa kambini. "Jaza unavyotaka," alikuwa anasema, "mimi kazi yangu ni kucheza." Miaka kumi na miwili mfululizo. Wenzake walipomtania, aliwajibu kwamba mtu haombi risiti akila nyumbani kwao. Alisema hivyo kwa majivuno. Aliamini kabisa kwamba kutosoma ndiyo heshima kubwa kuliko zote anayoweza kuipa klabu yake.

Sasa karatasi ya tatu ilikuwa mezani, imejazwa.

"Sijaandika hii," alisema.

"Sahihi ya nani?"

"Unajua ni yangu."

"Basi."

Neno hilo dogo lilimtoka katibu akiwa anatazama dirisha. Kisha akaanza kuongea, na aliongea sana, kama watu wanavyofanya wakiogopa kimya. Alisema mwenyekiti ndiye aliyeamua. Alisema mashabiki wangechoma jukwaa kama wangesikia nahodha ametemwa, hivyo ilibidi ionekane ameondoka mwenyewe. Alisema ni vizuri kuondoka kombe likiwa bado linang'aa. Alisema klabu itampa kazi ya kufundisha watoto, na picha yake kubwa itawekwa mapokezi, pale penye mtungi wa maji.

Bawaba hakuwa anasikiliza. Macho yake yalikuwa yamenasa kwenye maneno matatu ya ile barua. Upande wa ndani.

Goti lake lilianza kumsumbua katikati ya msimu uliopita. Klabuni alisema ni msuli umevutika, nao wakaamini. Ni mtu mmoja tu aliyelipiga picha, wakati wa mapumziko ya mchana, bila faili wala jina: mke wake, ambaye kazi yake ni kupiga picha za eksirei katika hospitali ya mji. Mke wake ndiye aliyemwonyesha kwa ncha ya kalamu, upande wa ndani, angalia, hapa pameanza kulika. Dunia nzima walijua watu wawili, nao walikuwa wanalala kitanda kimoja.

"Nani alikuambia upande wa ndani?"

Katibu alishika kalamu. Akaiweka. Akaishika tena.

"Kaulize nyumbani," alisema.

Ndugu msomaji, wapo mabeki waliopigwa viwiko, wakang'olewa meno, wakainuka na kuendelea kucheza. Bawaba ni mmoja wao. Lakini alipotoka ofisini mle aligonga kichwa kwenye ile dari iliyoinama, yeye ambaye kwa miaka yote aliijua mpaka kwa macho yaliyofumba.

Kwenye ngazi alisimama, akapumua, akapiga simu ofisi ya ligi. Karani aliyepokea alikuwa mwanamke wa sauti kavu asiyejali anaongea na bingwa au na muuza mitumba. Alimsikiliza, akafungua mafaili, akarudi. Mkataba wake, alisema, bado una mwaka mmoja. Barua ya kustaafu kwa sababu za afya inaweza kufutwa kwa njia mbili. Ama klabu iifute yenyewe kwa muhuri wake, ama mchezaji alete cheti cha daktari wa mifupa pamoja na picha ya eksirei iliyopigwa leo. Moja kati ya hayo likifika mezani kwake kabla ya saa kumi, jina linarudi.

"Na nikichelewa kidogo?" Bawaba aliuliza.

"Saa kumi na dakika moja," karani alijibu, "nitakuwa nimefunga dirisha na nimevua viatu."

Klabu haikuwa na nia ya kufuta. Ilibaki eksirei. Na eksirei katika mji ule ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mke wake.

Alitembea kwenda hospitali akiwa na safari mbili ndani ya moja. Alikuwa anakwenda kumshitaki mwanamke yuleyule anayekwenda kumwomba. Njiani kinyozi alitoka nje na mashine ikiwa bado inanguruma mkononi, akamwacha mteja nusu kichwa, ili tu amwambie nahodha kwamba msimu huu wanataka kombe tena. Bawaba alimnyooshea dole gumba. Aliona aibu ya mtu anayepokea pongezi za harusi ilhali ameachwa.

Daktari wa mifupa alikuwa chumba cha upasuaji. Muuguzi wake alisema atatoka saa tisa, na kwamba hasaini chochote bila picha. Bawaba akaenda kule mwisho wa korido, penye mlango mzito na taa nyekundu juu yake, akagonga.

Mke wake alifungua. Alikuwa amevaa aproni yake ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, ile nzito inayomfanya atembee kama mjamzito. Alimtazama usoni mara moja tu, akajua.

"Kuna watu kumi na mmoja mbele yako, Baba Mapacha," alisema kwa upole. "Kaa kwenye benchi."

"Unajua nimekuja kwa nini."

"Najua. Na huyu mama amevunjika nyonga. Kaa."

Akakaa. Alikaa kwenye benchi la mbao kati ya mwanamke mwenye kikohozi na fundi wa mabati aliyeanguka kutoka kwenye paa, ambaye mkono wake uliovunjika haukumzuia kumpa ule mzima na kumweleza kwa kirefu jinsi alivyolia siku ya fainali. Fundi alimuuliza kama yeye pia ameumia. Bawaba alisema kidogo. Fundi akamwambia ajitunze, maana bila yeye ile timu ni mlango wa pazia. Saa ya ukutani ilisogea kwa kujivuta. Tano. Sita. Saba. Nane. Nane na nusu. Jina lake lilipoitwa, ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Mlango ulifungwa, wakabaki wawili na mashine.

"Ulimwambia," alisema Bawaba.

"Nilimwambia."

Alikuwa amejiandaa kwa kukana. Alikuwa amepanga maneno ya kumbana nayo mpaka akiri. Ukweli uliotolewa mkavu namna ile ulimwacha mikono mitupu.

"Kwa nini?"

Mke wake alivuta kiti cha magurudumu madogo, akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Alimkumbusha usiku ule wa kombe, alivyorudi nyumbani na medali shingoni, akawabusu mapacha wakiwa wamelala, akaapa kwamba huo ndio mwisho, anatundika viatu. Baada ya wiki mbili alimkuta anakimbia ngazi za jukwaa. Alipomuuliza, alisema anapunguza kitambi. Kitambi kipi, alisema mke wake, mtu ambaye mbavu zake zinahesabika?

"Ulinidanganya, nikanyamaza. Ukanidanganya tena. Nikaona sasa niende kwa nani? Kwa mama yako? Angesema namtoa mwanawe kwenye riziki. Nikaenda kwa msimamizi wetu wa ndoa. Si ndiyo kazi yake? Si aliapa mbele ya watu kwamba sisi tukikwama, yeye ndiye mlango wetu?"  "Sikwenda ofisini kwake. Nilikwenda sebuleni kwake. Nilimwambia, shemeji, goti limelika upande wa ndani, kaa na mwenzako uongee naye. Akanipa maji ya kunywa. Akasema, shemeji, niachie mimi."

Bawaba aliinamisha kichwa. Kwa hiyo usaliti haukutoka nyumbani. Ulitoka palepale alipoanzia, ofisini kwa katibu. Siri ya chumbani kwake iliingia sebuleni kwa rafiki ikiwa ombi, ikatoka ikiwa barua. Na rafiki huyo, alipoulizwa, alimnyooshea kidole mkewe bila kupepesa. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma zaidi. Kazi mtu anaweza kunyang'anywa. Lakini kupewa mke wako kama adui ili wewe uondoke ofisini haraka, huo ni ukatili ambao hakuwahi kufikiria kwamba una sura ya mtu anayemjua.

Saa ilikuwa tisa na robo.

"Nipige picha," alisema.

"Ukishapigwa?"

"Naenda ligi."

"Kwa goti hilo? Daktari ataliona hata akiwa amesinzia."

Ndipo Bawaba aliposema jambo ambalo, asubuhi ile akiwa bado ana klabu na rafiki, asingeweza kulifikiria. Mezani, kando ya mashine, kulikuwa na vialama viwili vidogo vya risasi, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia, vinavyowekwa pembeni ya kiungo ili daktari ajue anatazama upande upi. Alikiokota cha kushoto, akakiweka kwenye kiganja cha mke wake.

"Piga goti la kulia," alisema. "Weka hiki."

Mke wake alikifumba kile kialama kiganjani.  Hakupandisha sauti.

"Kila picha inayotoka humu ina jina langu chini," alisema. "Miaka tisa. Madaktari wanakata watu kwa kuliamini hilo jina." Alisimama, akajifunga vizuri aproni yake. "Lakini mimi pia nimekukosea. Nilitoa siri yako nikaiweka mahali pabaya. Kwa hiyo leo sikukatalii. Panda kitandani, uniwekee mguu unaoutaka, na mimi nitapiga. Mguu upi?"

Bawaba alipanda. Kitanda cha mashine kilikuwa cha baridi. Alikunja suruali miguu yote miwili, akakaa akiitazama kama anaiona kwa mara ya kwanza, na makovu yake, na ule ukucha mmoja mweusi usiopona.

Alikuwa na dakika arobaini. Goti la kulia lilikuwa zima kama la mtoto. Kulisogeza sentimita ishirini tu, na Jumamosi, siku ya mechi, angetoka kwenye lango dogo la kuingilia uwanjani mbele ya watu elfu nane waliomwimba tangu alipokuwa hajaota ndevu. Nani angejua?

Alimtazama mke wake akiwa amesimama pale, mkono umefumba kialama, anasubiri. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na subira ya mtu aliyekwisha kukubali kuumizwa.  Kuweka maneno ya uongo juu ya jina la mtu anayekuamini. Alijua hilo linavyouma. Jeraha lake lilikuwa na umri wa saa tano tu.

Akausukuma mguu wa kushoto mbele.

"Huu," alisema. "Piga kama ulivyo."

 Mke wake alimgusa kifundo, akaunyoosha mguu, akakiweka kialama mahali pake halali. Akaenda nyuma ya ukuta wa kioo. Mashine iliguna, ikatoa mlio mmoja, ikanyamaza.

Bawaba alibaki amelala, akitazama dari. Basi ndivyo mpira unavyokwisha, alijiambia. Hakuna filimbi.

Dakika moja ikapita. Ya pili. Kwa kawaida mke wake hutokea mara moja na kusema vaa. Safari hii hakutokea.

"Mama Mapacha?"

"Njoo uone."

Alikwenda pekupeku. Goti lake lilikuwa kwenye kompyuta, jeupe juu ya weusi, kubwa kuliko kichwa chake. Mke wake alimwonyesha upande wa ndani. Pamelika, ndiyo, lakini hapajaongezeka hata kidogo tangu ile picha ya kwanza. Watu wanacheza na magoti mabaya kuliko hili, alisema, na alisema hivyo kama mtu aliyeona kitu kingine kilichomtisha zaidi. Kidole chake kiliteremka, kikasimama chini kidogo ya kifuniko cha goti.

Palikuwa na mstari. Mwembamba kuliko unywele, mfupi kama punje ya mchele, mweupe kuliko mfupa wenyewe. Ulikuwa umenyooka kabisa.

"Picha ya kwanza haikuwa na hiki," alisema. "Na mwili hauna mstari ulionyooka hivi. Hiki ni chuma. Hii ni ncha ya sindano, imekatikia ndani." Aligeuka. "Nani alikuchoma sindano kwenye goti, na hukuniambia?"

Bawaba alikumbuka. Siku ya fainali, wakati wa mapumziko, goti lilikuwa limekaza na wao walikuwa nyuma kwa bao moja. Daktari wa timu alimwingiza kwenye chumba cha taulo, akamwambia ni dawa ya kutuliza tu, haina haja ya kuandikwa popote. Kulikuwa na mlio mdogo, kama kijiti kinapovunjika. Daktari alitukana kwa sauti ya chini, akabandika plasta haraka, akamwambia akimbie. Alikimbia. Walishinda. Tangu siku ile maumivu yalikuwa ya kuchoma, si ya kusaga tena, naye akadhani ndio uzee wenyewe umefika.

"Mlikuwa wawili tu, wewe na daktari?"

"Watatu," alisema Bawaba polepole. "Kulikuwa na aliyenishika paja nisitikisike. Katibu."

 Mke wake alinyoosha mkono kwenye ubao wa matangazo, akang'oa karatasi iliyobandikwa pale tangu juzi. Ilikuwa ratiba ya vipimo vya ligi, Jumatatu, kuanzia saa mbili. Kila mchezaji aliyesajiliwa na klabu atapigwa picha za magoti na vifundo, hospitalini hapa, kwa mashine hii.

"Asiyesajiliwa hapigwi," alisema.

 Kwa hiyo haikuwa umri. Wala haikuwa goti kulika, wala yule beki mgeni. Kombe ulilolilia mji mzima lilikuwa limebebwa juu ya sindano iliyovunjika, ya dawa isiyoandikwa ambayo ligi ikiigundua inaweza kulichukua kombe lenyewe, na njia rahisi ya kuificha sindano ilikuwa kumficha mwenye mguu.

"Inatolewa?" aliuliza.

"Inatolewa. Ni kazi ndogo kwa anayeijua." Kwa mara ya kwanza siku ile macho ya mke wake yalilowa. "Na ikitoka, Baba Mapacha, sioni kwa nini usicheze. Lakini si leo. Kwa picha hii hakuna daktari atakayekusainia leo."

Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika thelathini na nane. Picha iliyomsafisha ndiyo hiyohiyo iliyomfungia nje.

Walisikia hatua kwenye korido. Za haraka, za mtu asiyezoea kukimbia, mapafu yakipiga filimbi. Bawaba aliyatambua mapafu hayo kabla hajasikia sauti. Sauti ilimuuliza muuguzi, kwa adabu nyingi, kama nahodha ameshapigwa picha au bado.

Mlango ulisukumwa bila kugongwa, na taa nyekundu ikiwa inawaka. Katibu aliingia, shati limemganda mgongoni. Alimwona Bawaba pekupeku. Aliiona kompyuta. Uso wake ukafanya kitu ambacho Bawaba alikuwa hajawahi kukiona katika miaka thelathini ya urafiki: ulizeeka palepale.

"Shemeji," alisema. "Ndugu yangu. Sikilizeni kwanza."

Alitoa bahasha ndani ya shati. Ndani yake kulikuwa na barua ya klabu, imegongwa muhuri mbichi ambao wino wake ulikuwa umemchafua kidole, inayosema kwamba ile barua ya kustaafu imefutwa na nahodha anarudishwa kundini mara moja. Safari hii ilikuwa imejazwa yote, mpaka tarehe. Alisema karani wa ligi amempigia kuulizia cheti cha nahodha. Alisema gari liko nje, injini inawaka, na ofisi ya ligi ni mwendo wa dakika kumi. Alisema Jumatatu kuna mtu atakayepigwa picha badala yake, hilo limeshapangwa. Alisema atacheza Jumamosi, na Jumamosi nyingine, na msimu wote, na namba yake mgongoni.

"Mimi nataka kimoja tu," alisema katibu, na mkono wake mwingine ulielekea kwenye kompyuta. "Hiyo picha ifutwe. Sasa hivi, mbele yangu."

Mke wake alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha magurudumu, kiganja juu ya kitufe cha kufutia. Hakumtazama katibu. Alimtazama mume wake, na akasubiri kama alivyosubiri mwanzo.

Saa tisa na dakika arobaini na moja.

Bawaba aliipokea ile bahasha.